Simu ya sebuleni, bei ya dukani

Fundi wa intaneti alikuja kwangu Jumamosi moja mwezi uliopita maana laini ilikuwa inakatika kila jioni, kijana mpole tu, kavua viatu mlangoni, kachomeka laptop yake kwenye ruta pale chini ya TV, kakaa kimya kidogo anaangalia skrini alafu akaniuliza, "Samahani kaka, hapa mnauza vocha?" Nikamwambia hapana, kwani vipi. Akanigeuzia laptop nione, vifaa 14 vimeunganishwa kwenye waifai yangu, na mimi humu ndani nina simu mbili, TV na laptop moja. Vingine vyote ni vya watoto wa majirani. Wanakaa barazani kwangu jioni wanashusha mitihani ya miaka iliyopita na kuangalia video za hesabu, paswedi niliwapa mwenyewe tangu mwaka jana na sijawahi kuchukua hata shilingi mia ya mtu. Yule kijana akaniambia kwa upole kabisa, "Sawa kaka, ila kwa kampuni hii inahesabika matumizi ya biashara, wakiiona watakuambia uhamie kifurushi cha biashara, na kile bei yake unaijua." Naijua. Karibu mara mbili.

Akarekebisha laini, akanywa maji, akaondoka. Mimi nikabaki na lile neno lake. Biashara. Biashara gani sasa isiyoingiza hela?

Mi kazi yangu ni mitandao, na kwa miaka mingi nimekuwa nasoma habari za watu waliotutangulia kwenye hii kazi, hasa wale wa Marekani wa miaka ya 80 waliokuwa wanaendesha zile wanaita BBS, yaani ubao wa matangazo ndani ya kompyuta, mtu anauweka nyumbani kwake, chumbani au kwenye gereji, na yeyote mwenye kompyuta na modemu, kile kifaa cha kuiunga kompyuta na laini ya simu, anaupigia simu. Na hao watu waliulizwa swali hilohilo la fundi wangu, neno kwa neno karibu, na kampuni kubwa kuliko hizi zetu, na walijibu. Ndo maana naandika.

Kwanza nieleze hicho kitu kilikuwaje maana vijana wengi hawajakiona. Januari 1978 theluji nzito iliangukia Chicago watu wakakwama majumbani. Kulikuwa na jamaa wawili wa klabu ya kompyuta ya pale, Ward Christensen na Randy Suess, Christensen akaandika programu, Suess akaunga vyuma, na tarehe 16 Februari 1978 wakawasha mashine waliyoiita CBBS. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi sana, klabu nyingi zina ubao wa mbao ukutani ambao mtu anabandika kikaratasi "nauza hiki, natafuta kile", basi na wao wakatengeneza ubao kama ule ila unaufikia kwa simu. Unapiga, modemu inapokea, unasoma waliyoandika wenzako, unaandika lako, unakata. Akishakata wewe ndo mwingine anaweza kupiga. Laini moja mtu mmoja. Ukikuta inatumika unasikia ile tuu-tuu-tuu, unasubiri, unajaribu tena, kuna watu walikuwa wanajaribu nusu saa nzima.

Na ilikuwa taratibu kiasi ambacho mtu wa leo hawezi kukubali. Modemu za mwanzo zilikwenda biti 300 kwa sekunde, kila herufi inakula biti 10, kwa hiyo herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya wakati ule ilikuwa na herufi 80 kwa mistari 24, piga hesabu, ni herufi 1,920, ukurasa mmoja tu unachukua zaidi ya dakika moja kujaa. Yaani unasoma kwa mwendo ule unaokuja, herufi moja moja, kama mtu anakuandikia mbele yako.

Sasa hapo ndo bei ya simu inapoingia na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndo kiini cha jambo lote. Ukiwa na kitu kinachokula dakika namna hii, cha kwanza kuuliza sio modemu bei gani, ni dakika bei gani. Na Marekani, kwa simu za ndani ya mji, sehemu nyingi dakika ilikuwa haina bei. Unalipa kiasi kimoja kwa mwezi kwa laini ya nyumbani na ndani ya eneo lako unaongea mpaka ulale. Simu ya mji wa mbali ndo ilihesabiwa kwa dakika. Kwa hiyo mtoto wa Houston aliweza kukaa kwenye BBS ya Houston jioni nzima na bili ya baba yake isitikisike. Mbao hizi zikaota kila mji, za wapenda nyota, za madaktari, za makanisa, za vijana wa michezo ya kompyuta, kila moja ina watu wake wa mji ule ule wanaofahamiana mpaka wanapanga kukutana kula piza.

Uingereza mambo yalikuwa tofauti, hata simu ya jirani yako dakika inahesabiwa, watu wakisubiri saa kumi na mbili jioni ndo bei ishuke wapige. Isipokuwa mji mmoja tu, Hull, ambao ulikuwa na kampuni yake ya simu ya mji na simu ya ndani ya mji unalipia mara moja tu bila kuhesabiwa dakika. Australia pia, simu ya mji unalipa kwa simu sio kwa dakika, na mbao zikastawi vizuri kule. Mi huwa nawaambia wenzangu kazini, mnasifia vyuma na programu, ila kilichofanya kile kitu kiishi ni bili.

Na kwetu? Kwetu nadhani tulishakatwa miguu kabla ya kusimama. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo wale jamaa wa Chicago wanawasha mashine yao 1978 huku kwetu kuingiza mashine kama ile ni kosa. Na hata bila marufuku, simu zenyewe ziko wapi, mpaka katikati ya miaka ya 90 nchi nzima ilikuwa na laini kama 3 kwa kila watu 1,000.

Sisi nyumbani tulikuwa mmoja wa hao watatu. Tanga, Ngamiani, baba alikuwa mtu wa bandari na simu aliipata kwa ajili ya kazi. Ilikuwa nyeusi, ile ya kuzungusha, imekaa sebuleni kwenye kistuli juu ya kitambaa alichofuma mama, na kwenye tundu la namba moja baba alikuwa ameweka kikufuli kidogo cha shaba ili gurudumu lisizunguke. Kupokea unaweza, kupiga huwezi, mpaka baba atoe funguo mfukoni. Maana kila simu unayopiga mita inahesabu yuniti na bili ikija ndo mazungumzo ya nyumba wiki nzima.

Kaka yangu mkubwa ndo aligundua njia. Ile simu ya kuzungusha inavyopeleka namba ni kwa kukata laini harakaharaka, ukizungusha 4 laini inakatwa mara nne, ukizungusha 0 inakatwa mara kumi, basi. Na kile kitufe cha kukatia simu, pale unapolaza mkono wa simu, nacho kinakata laini. Kwa hiyo ukikigonga kwa kidole mara nne harakaharaka, eksichenji, yaani mitambo ya kampuni inayounganisha simu, inaona umezungusha 4. Kufuli halina habari. Nakumbuka kaka amechuchumaa pale, ulimi nje, anagonga tk-tk-tk-tk, anapumzika, tk-tk, na mimi nimesimama dirishani naangalia kama baba anakuja. Miaka mingi baadae nikaja kusoma kwamba modemu za zamani zilikuwa zinapiga namba kwa njia hiyo hiyo, zinakata laini na kuiunga, na nilivyosoma hivyo niliisikia kabisa ile sauti ya kidole cha kaka.

Ila ninachotaka kusema kuhusu ile simu sio kufuli. Ni daftari. Pembeni ya simu kulikuwa na daftari la mistari, jalada la buluu, limefungwa kalamu kwa uzi, na mle mama alikuwa anaandika ujumbe wa mtaa mzima. Maana namba yetu walikuwa nayo watu wa nyumba zote za barabara ile, wamewapa ndugu zao Dar, Mombasa, Muscat, Dubai. Simu inaita, mtu anasema mwambie mama fulani mwanae amefika salama, mama anaandika, tarehe, saa, nani kapiga, kasema nini, alafu mmoja wetu anatumwa mbio. Kama mtu ni wa kusubiriwa, anaambiwa kapige tena baada ya robo saa, tunamfuata, anakuja kukaa kwenye kochi na khanga yake kichwani anasubiri iite. Jioni wengine walikuwa wanapita tu wenyewe, hodi, karibu, wanafunua daftari wanaangalia kama kuna lao. Wanasoma na ya wengine pia, ndio, hiyo ilikuwa kawaida, ndo habari za mtaa zilivyokuwa zinatembea.

Sasa niambie hiyo ni nini kama sio ubao. Laini moja, nyumbani kwa mtu, namba anayo kila mtu, ujumbe unaachwa, ujumbe unachukuliwa, mwenye nyumba analipa bili.

Nirudi Marekani. Kampuni za simu kule zilikuwa na bei mbili za laini, ya nyumbani na ya biashara, na ya biashara ilikuwa juu sana, sehemu nyingine mara mbili au zaidi. Waya ni ule ule, eksichenji ile ile. Tofauti haikutokana na gharama, ilitokana na wazo la zamani kwamba mfanyabiashara simu inampa hela kwa hiyo alipe zaidi, na hiyo zaidi isaidie bei ya mama wa nyumbani na mkulima ibaki chini. Mi wazo hilo silipingi hata kidogo, ni wazo zuri, limeweka simu kwenye nyumba za watu wasio na uwezo. Shida ni pale unapoamua nani ni mfanyabiashara.

Mwaka 1988 kule Texas kampuni ya Southwestern Bell, moja ya zile kampuni saba za mikoa zilizozaliwa kampuni kubwa ya simu ya kule, AT&T ilipovunjwa Januari 1, 1984, ikaanza kuwaambia wenye BBS wa Houston kwamba laini zao ni za biashara na watalipa bei ya biashara. Hoja ilikuwa kwamba mtu huyu namba yake anaigawa kwa watu asiowajua, wageni wanapiga mchana na usiku, laini haitumiki kwa maisha ya nyumbani, kwa hiyo sio nyumbani. Kuchukua hela au kutochukua haikuwa ndo kipimo.

Na niwe mkweli, kampuni ilikuwa na jambo moja la kweli mkononi. Eksichenji haijengwi ili watu wote waongee kwa wakati mmoja, inajengwa kwa kukisia kwamba mtu akipiga anaongea dakika chache anakata, na kwamba wengi wao sa hizi wamekaa kimya. Kwa hiyo nyaya za ndani zinashirikiwa. Modemu inakaa hewani dakika 20, 40, saa nzima, na BBS yenye watu wengi laini yake haipumui. Ukiwa fundi wa eksichenji hilo unaliona na linakusumbua, mimi mwenyewe ningeliona.

Lakini sasa jibu la wenye mbao lilikuwa zito zaidi. Kama tatizo ni muda wa laini, mbona binti wa miaka 15 anayeongea na rafiki yake saa tatu mfululizo hamumwiti biashara? Na mbao hizi zilikuwa zinajaa usiku, maofisi yamefungwa, eksichenji imelala, wakati ambao nyaya zilikuwa zipo zipo tu. Na mwenye laini ya biashara kuna vitu alikuwa anapata, jina lake linaingia kwenye ile kitabu cha kurasa za njano cha matangazo, mwenye BBS hapati chochote zaidi ya waya ule ule. Alafu kuna la chini chini ambalo watu walilinong'ona sana. Tangu kuvunjwa kwa AT&T hizi kampuni za mikoa zilikuwa zimekatazwa na mahakama kuuza huduma za taarifa, ila Machi 1988 Jaji Harold Greene akawalegezea, akawaruhusu kuweka milango ya kupitishia huduma za wengine kwenye simu. Yaani mwaka ule ule ambao wanaona hapa kuna soko, ndo mwaka wanamgeukia mtu anayetoa kitu kama hicho bure kutoka chumbani kwake. Siwezi kusema lile lilizaa hili. Ila ningekuwa mwenye ubao Houston wakati ule ningekosa usingizi.

Kilichonigusa zaidi ni walichofanya. Hawakuishia kulalamika wao kwa wao. Waliunda muungano wakauita COSUARD, jina refu lenye maana ya muungano wa waendeshaji na watumiaji wanaopinga ubaguzi wa bei, wakachukua ile nyaraka ya bei ya kampuni, yale makurasa ambayo hakuna mtu mzima anayesoma, wakayasoma mstari kwa mstari, wakapeleka malalamiko kwa tume ya huduma za umma ya Texas. Fikiria, watu wa kazi za kawaida kabisa, jioni baada ya kazi, wanakaa na vitabu vya bei za simu wanatafuta neno "biashara" limeelezwaje. Ilichukua muda, kesi ikaburuzika mpaka miaka ya 90 inaingia, na mwisho wakafika kwenye makubaliano na kampuni. Ukiendesha ubao nyumbani kwako, laini zako hazizidi tatu, na hudai wala kuomba malipo kwa wanaopiga, wewe ni mtu wa nyumbani, lipa bei ya nyumbani.

Kuna waliosema ushindi ule ulikuwa nusu maana laini tatu ni ndogo na mtu mwenye laini tano anazozilipia kwa mshahara wake bado anaonekana duka. Ni kweli. Lakini angalia kilichokubalika, kwamba cha kuuliza kwanza ni je, unatoza? Sio je, wageni wako ni wengi. Hilo mimi naliona kubwa sana. Mambo ya namna hiyo yaliibuka pia Indiana, Michigan na Oregon, kila mahali na kampuni yake, na wa Houston wakawa tayari wamepita njia.

Watu huwa wanachanganya hii habari na ile ya "kodi ya modemu" kwa hiyo niitenganishe haraka. Mwaka 1987 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya kule, ilipendekeza kampuni kubwa za huduma za data zianze kulipia kila dakika ya kuingilia mtandao wa simu kama wanavyolipa wa simu za mbali, na ingeongeza dola kadhaa kwa kila saa ya mtumiaji. Watu wakaandika barua kwa maelfu, 1988 pendekezo likaondolewa. Likaisha. Ila tangazo la "andika barua haraka kodi ya modemu inakuja" likaendelea kuzunguka kwenye mbao miaka na miaka, kila mtu analinakili analipeleka mbele, kama tu zile meseji za WhatsApp zinazosema wiki ijayo meseji zitakuwa za kulipia tuma kwa watu kumi. Hiyo ilikuwa ya kampuni kubwa. Ya Houston ilikuwa ya mtu na chumba chake.

Na simu za mbali nazo zilikuwa na vita yake. Mwaka 1985 kampuni ya Telenet ilianzisha kitu kinaitwa PC Pursuit, unalipa dola 25 kwa mwezi, jioni na wikiendi unapiga namba ya hapo mjini, mtandao wao unakuvusha mpaka mji mwingine na kukutolea simu kule kama ya mjini. Bila kikomo. Watu walikaa humo usiku kucha. Ilipofika 1989 wakaweka kikomo cha saa 30 kwa mwezi na bei juu, watu waliumia kweli. Sisi tunaotumia "bila kikomo" ambayo ikifika GB kadhaa inakwenda kama kobe, tunaijua hiyo hadithi.

Ila aliyeichezea bei ya simu vizuri kuliko wote ni Tom Jennings wa San Francisco. Mwaka 1984 alianzisha FidoNet, na wazo lake ni hili, kama simu ya mbali ni ghali mchana basi mbao zenyewe zipigiane usiku wakati bei iko chini na wenye nyumba wamelala. Mchana mzima watu wanaandika barua, ubao unazikusanya, usiku unazifunga pamoja unapiga mara moja, unazimwaga, unachukua zako, unakata. Amerika ya Kaskazini ilipewa saa moja rasmi, saa tatu mpaka saa nne asubuhi kwa saa za kimataifa (UTC), ambayo kwa mtu wa New York ni saa kumi usiku, saa hiyo ubao wako haupokei binadamu, unasubiri wenzake. Barua yako inaruka mji kwa mji, kesho kutwa imefika ilikokwenda. Hakuna kampuni iliyoombwa ruhusa, hakuna mtandao mpya uliojengwa, ni watu wa nyumbani na laini za nyumbani na kitabu cha bei kimesomwa vizuri.

Na hiki kitu kilitufikia! Wengi hawajui. Kabla ya intaneti kamili kuja huku, mwanzoni mwa miaka ya 90, Nairobi kulikuwa na kituo cha FidoNet pale ELCI, shirika la mambo ya mazingira, kwa ajili ya mashirika ya kijamii, kukawa na mtandao wa vyuo unaitwa ESANET uliounganisha Nairobi na wenzake wa Tanzania, Uganda, Zambia na Zimbabwe, Makerere nao walikuwa na chao. Barua za kwenda duniani zilipitia GreenNet ya London, kompyuta inaipigia kompyuta simu ya nje, inamwaga furushi lililobanwa mpaka mwisho, dakika chache, inakata, kwa sababu kila dakika ya simu ya nje kutoka Afrika ilikuwa inauma. Madaktari wakawa na HealthNet ya shirika la SatelLife, Muhimbili wakiwemo, hiyo ikatumia satelaiti ndogo inayopita juu mara chache kwa siku, ikipita unarusha barua zako ikizunguka zinateremka upande mwingine. Programu ya watu wa majumbani kule San Francisco, huku ndo ikawa posta ya mhadhiri na daktari.

Kwa hiyo ubao wa mtu binafsi wa mtaani, kama ule wa Houston, kwetu haukupata nafasi kubwa. Ilibidi liwepo shirika nyuma la kulipa. Mtu wa kawaida mwenye mapenzi tu na hicho kitu angelipa na nini, wakati yuniti zinahesabu na kufuli liko kwenye gurudumu.

Nimempigia mama juzi, yuko Tanga bado, nikamuuliza lile daftari liko wapi. Hajui, labda liliungua na makaratasi mengine wakati wa kuhama. Nikamuuliza, mama, wale watu walikuwa wanalipa? Akashangaa swali. "Walipe nini mwanangu, simu si inaita yenyewe." Nikamwambia hapana, namaanisha kwa kuandikiwa, kwa kuitwa, kwa kukaa pale. Akafikiri kidogo akasema mama mmoja wa nyumba ya pili, mumewe alikuwa mvuvi, siku akipokea simu ya mwanae wa Muscat kesho yake analeta samaki. Changu, mara nyingine nguru.

Nikamwelezea habari za Houston, kwamba kule ilikuwa ukidai au kuomba malipo basi wewe ni biashara. Kanisikiliza mpaka mwisho.

"Samaki hatukuomba," akasema. "Tulikuwa tunaletewa."

Jumatatu niliandika barua kwa kampuni yangu ya intaneti, ukurasa mmoja, nikawaeleza vifaa 14 ni vya nani, kwamba sitozi na sijawahi kutoza, na nikawaomba wanionyeshe kwa maandishi ni kifungu kipi cha mkataba wangu kinachosema baraza langu ni duka. Bado sijajibiwa. Paswedi sijabadilisha, na jioni hii ninavyoandika wako sita pale nje, mmoja anawasomea wenzake swali la hesabu kwa sauti.